Kiyoyozi cha Nyumba Nzima: Namna ya Kukichagua Ukijenga Pwani

Anayejenga Kigamboni, Mbezi Beach, Nyali au Fumba mara nyingi huanza kuuliza habari za kiyoyozi fundi rangi akiwa anamalizia. Wakati huo dari imeshafungwa, madirisha yameshawekwa, umeme umeshaingizwa kwa njia moja, na kilichobaki ni kutoboa kuta na kutundika mashine palipobaki nafasi. Kiyoyozi cha nyumba nzima, yaani mfumo mmoja unaosambaza ubaridi vyumba vyote kwa dakti (mifereji ya hewa) au mabomba yaliyofichwa juu ya dari, hakivumilii kuchelewa namna hiyo. Kinachaguliwa kwenye ramani, kabla ukuta haujafika lenta, ile boriti ya juu ya madirisha. Ukubwa wake na bili yake ya umeme kwa miaka mingi ijayo vinaamuliwa na mambo ambayo muuza duka hana habari nayo: dirisha la sebule linatazama wapi, kuna nini kati ya bati na dari, ukuta una urefu gani.

Ninazungumzia pwani kwa makusudi: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar, Mtwara. Huko joto linakuja pamoja na unyevu, na usiku wa Februari haupoi. Nairobi, Arusha na Mbeya ziko juu, usiku unajipooza wenyewe, na fedha ya mfumo wa nyumba nzima huko ni bora iende kwenye madirisha mazuri na feni. Dodoma kuna joto lakini hewa yake ni kavu, kwa hiyo hesabu zake ni tofauti na hizi.

Hatua ya 1: Angalia familia inaishije

Kabla ya kuuliza BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza, uliza nani yuko nyumbani saa ngapi. Nyumba ambayo watu wote wanatoka asubuhi na kurudi jioni, kisha wanalala katika vyumba viwili au vitatu, haina haja ya mfumo mmoja mkubwa. Kila chumba kikiwa na AC yake ya ukutani yenye inveta (inayojipunguzia nguvu chumba kikipoa), utawasha panapotumika tu. Mfumo wa nyumba nzima unalipa pale ambapo sebule, sehemu ya kulia na korido ni nafasi moja iliyo wazi, watu wapo mchana kutwa, kuna wazee au watoto wadogo, au nyumba ni kubwa kiasi kwamba ungelazimika kutundika mashine saba au nane ukutani na nyingine kama hizo nje.

Tazama tofauti kwa mfano wa hesabu. Chukua bei ya daraja T1 la TANESCO, Sh 292 kwa uniti, ambayo ukiongeza kodi na tozo inapita kidogo Sh 350. Mfumo wa BTU 60,000 hula takriban kilowati 5 ukifanya kazi kwa nguvu zote. Tuseme kwa wastani unafanya kazi nusu ya uwezo wake kwa saa 10: uniti 25 kwa siku, karibu Sh 8,750, ambayo kwa mwezi ni zaidi ya Sh 260,000. AC tatu za inveta za BTU 12,000, kila moja ikila wastani wa nusu kilowati kwa saa 8 za usiku, zinakula uniti 12, yaani Sh 4,200 kwa siku. Badilisha saa na bei kulingana na kwako, lakini fanya hesabu hii kabla ya kwenda dukani.

Nyumba nyingi za vyumba vitatu au vinne ningezishauri njia ya kati: mifumo miwili midogo ya dakti badala ya mmoja mkubwa. Mmoja uhudumie sebule na sehemu za mchana, mwingine uhudumie vyumba vya kulala. Mchana unawasha ule wa kwanza, usiku ule wa pili, na mmoja ukiharibika siku ya Idi au Krismasi nyumba haibaki bila hewa. Mfumo mmoja wenye temostati (kidhibiti joto) moja kwa nyumba nzima ndio nisioupendekeza, maana unapoza vyumba vitupu ili mtu mmoja alale vizuri.

Hatua ya 2: Zuia joto kabla ya kununua ubaridi

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi huokolewa, na ndipo watu huruka haraka.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, na muda mwingine haliendi mbali sana upande wa kaskazini wala kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa vizuri na ukingo wa paa uliotoka nje mita moja hivi. Mashariki na magharibi ni habari nyingine: jua la asubuhi na la alasiri liko chini, linapita chini ya ukingo na kuingia ndani moja kwa moja. Dirisha la kioo cheupe lenye ukubwa wa mita za mraba 4, likitazama magharibi bila kivuli, linaweza kuingiza takriban wati 2,000 za joto saa kumi alasiri. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu tani ya kiyoyozi, yaani BTU 6,000. Utainunua, utailipia umeme, na haitakupa ubaridi wowote zaidi ya kufuta kazi ya dirisha lile.

Kama kiwanja kinaruhusu, geuza nyumba ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Choo, stoo na ngazi ziende magharibi. Pasipowezekana, weka baraza, mti, au kivuli cha nje mbele ya dirisha la magharibi. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu joto likishavuka kioo limeshaingia nyumbani.

Kisha bati. Nafasi iliyo kati ya bati na dari inaweza kupita nyuzi 50 adhuhuri, na joto lile hushuka vyumbani mpaka usiku. Chagua bati la rangi nyepesi, weka karatasi ya foili chini yake wakati kenchi ziko wazi, acha matundu ya kutolea hewa kwenye ukingo na kwenye kilele, na tandaza sufi ya kioo ya milimita 50 hadi 100 juu ya jipsamu. Kazi hii ni rahisi kabla dari haijafungwa na ni adha kubwa baadaye.

Madirisha ya kuslaidi ya aluminiamu yanapitisha hewa pembeni. Yale ya bawaba yenye mpira wa kuziba yanafaa zaidi kwa nyumba ya AC. Vioo vya luva haviendani na kiyoyozi kabisa. Na yale matofali ya matundu ambayo mafundi wetu huweka juu ya dirisha, mazuri sana kwa nyumba inayopumua upepo wa bahari, yazibwe katika kila chumba kitakachopozwa. Ukiyaacha, mashine itakuwa inakausha hewa ya Bahari ya Hindi usiku kucha.

Waliojenga Mji Mkongwe na Lamu waliyajua haya bila umeme: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyokingana jua, ua wa ndani. Hatuwezi kuwaiga kila kitu katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, lakini kivuli tunaweza.

Hatua ya 3: Piga hesabu chumba kwa chumba

Tani 1 ya kiyoyozi ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5 za ubaridi. Madukani utasikia "HP": moja huchukuliwa kuwa BTU 9,000, moja na nusu 12,000, mbili 18,000. Kipimo hicho ni cha kukisia. Dai BTU au kilowati, kama zilivyoandikwa kwenye kibao cha mashine.

Kanuni ya haraka wanayotumia mafundi wa pwani ni BTU 600 hivi kwa mita ya mraba. Nyumba iliyofuata hatua ya pili inaweza kushuka mpaka 450 au hata chini ya hapo. Chukua sebule na sehemu ya kulia mita za mraba 45, chumba kikuu 22, vyumba viwili vya 16 kila kimoja, na ofisi ndogo ya 12. Jumla ni 111. Kwa 600 unapata BTU 66,600. Kwa 450 unapata karibu 50,000. Tofauti hiyo inakaribia tani moja na nusu: mashine ndogo zaidi, nyaya nyembamba zaidi, bili ndogo zaidi kila mwezi.

Kanuni hiyo itumie kukagua tu. Hesabu yenyewe ifanywe na mhandisi, chumba kwa chumba. Marekani kuna utaratibu unaoitwa Manual J, uliowekwa na chama cha wakandarasi wa viyoyozi, ACCA, na watengenezaji wakubwa wa mashine wana programu zao zinazofanya kazi kama hiyo. Mpe mhandisi ramani yenye mshale wa kaskazini, aina ya bati, dari na kioo, na idadi ya watu. Kila mtu aliyekaa hutoa zaidi ya wati 100 za joto na unyevu, kwa hiyo sebule inayopokea wageni ishirini kila Jumapili isihesabiwe kama sebule ya watu wanne. Kwa hali ya nje weka nyuzi 33 na unyevu mwingi, kwa ndani nyuzi 25. Nani anataka kulala nyuzi 18 pwani? Anayetaka atalipa.

Karatasi utakayopewa iwe na safu mbili kwa kila chumba: mzigo wa joto na mzigo wa unyevu. Fundi akizunguka nyumba, akatazama juu, akasema "hapa tani tano zinatosha, tuweke sita kwa usalama", mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.

Jambo moja zaidi: vyumba havifiki kilele cha joto kwa wakati mmoja. Chumba cha mashariki kinachemka asubuhi, sebule ya magharibi alasiri. Kwa hiyo mashine ya nje haihitaji kuwa jumla ya vyumba vyote. Mhandisi mzuri atakuonyesha kilele cha nyumba nzima kwa saa moja ya siku, na mara nyingi ni pungufu kuliko jumla ile.

Hatua ya 4: Fikiria unyevu kabla ya ubaridi

Kiyoyozi cha kisasa kilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York. Shida ya kiwanda kile ilikuwa unyevu uliofanya karatasi zitanuke na kusinyaa hadi rangi zisikae mahali pake. Mkazi wa pwani anapaswa kuikumbuka shida hiyo, kwa sababu ndiyo yake pia. Nyumba yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 50 ni raha. Nyumba yenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 75 ni baridi yenye kunata: shuka zina majimaji, viatu kabatini vinaota ukungu, na mtu anashusha rimoti mpaka 18 akitafuta nafuu asiyoipata.

Chanzo kikubwa cha hali hiyo ni mashine kubwa kupita kiasi. Koili ya ndani, yaani mabomba baridi ambayo hewa ya chumba hupita juu yake, inahitaji dakika kadhaa kupata baridi ya kutosha mpaka maji yaanze kudondoka na kutoka kwenye bomba. Mashine kubwa mno inashusha joto la chumba upesi, temostati inaridhika, kompresa (pampu ya gesi) inazima, na maji yaliyokuwa yameshika juu ya koili yanarudi hewani kabla hayajadondoka. Baada ya muda mfupi inawaka tena. Chumba kinapoa bila kukauka. Kuongeza tani moja "kwa usalama" ndiko kunakozaa nyumba ya namna hii, na ndiyo maana nasisitiza hesabu ya hatua ya tatu.

Kwa hiyo unapolinganisha mashine, tazama vitu vitatu kwenye karatasi ya maelezo. Kwanza, iwe ya inveta, na uangalie uwezo wake wa chini kabisa, siyo ule wa juu tu. Mashine ya BTU 60,000 inayoweza kushuka mpaka 15,000 itakaa imewaka taratibu usiku mzima na kukausha hewa; inayoishia 30,000 itakuwa inazima na kuwaka. Pili, watengenezaji wengi huandika lita za maji zinazotolewa kwa saa. Kati ya mashine mbili za BTU sawa, pwani chukua inayotoa maji zaidi. Tatu, mwendo wa hewa. Mifumo ya dakti hupangwa kwa mita za ujazo 680 hivi kwa saa kwa kila tani. Kwa hali yetu mwombe mhandisi ashushe mpaka 600 hivi, ili hewa ikae zaidi kwenye koili.

Na kuna kitufe kimoja ambacho wenye nyumba wengi hukiweka vibaya. Feni ya mashine iwekwe kwenye otomatiki, izime kompresa inapozima. Ikiachwa izunguke muda wote, inapuliza maji ya kwenye koili na kuyarudisha vyumbani.

Pangaboi usiliondoe kwenye ramani eti kwa sababu kuna AC. Upepo wake mdogo unafanya nyuzi 27 zihisiwe kama 25, na linakula umeme kidogo sana.

Hatua ya 5: Chagua aina ya mfumo

Kuna njia mbili zinazofaa nyumba ya kuishi.

Ya kwanza ni dakti: mashine ya ndani iliyofichwa juu ya dari ya korido au stoo, inasukuma hewa baridi kupitia dakti hadi grili za vyumbani. Ni tulivu, inachuja hewa mahali pamoja, na vyumbani unaona grili tu. Udhaifu wake uko kwenye dakti zenyewe. Wakala wa mazingira wa Marekani, kupitia mpango wa ENERGY STAR, unasema nyumba ya kawaida nchini humo hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ipitayo kwenye dakti kwa sababu ya matundu na maungio mabovu. Dakti ya kwako ikipita kwenye nafasi ya nyuzi 50 chini ya bati, hasara ni mara mbili: unapoteza hewa baridi na unavuta joto. Ipitishe chini ya sufi, upande wa ubaridi, kwa kushusha dari ya korido.

Ya pili ni ile inayojulikana kama VRF, au VRV kwa jina la Daikin iliyoianzisha mwaka 1982. Mashine moja ya nje inapeleka gesi kwa mabomba membamba ya kopa hadi mashine ndogo ya kila chumba, na kila chumba kina rimoti yake. Inafaa nyumba kubwa ambayo vyumba hutumika kwa nyakati tofauti. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, gesi iliyomo ni nyingi, na ikivuja katika ungio moja lililofichwa ukutani nyumba nzima inasimama. Usiinunue kabla hujajua fundi aliyefunzwa na mtengenezaji yuko mji gani na vipuri vinakaa wapi. Kwa ghorofa moja ya vyumba vitatu sioni sababu ya kuifuata.

Hatua ya 6: Tenga nafasi kabla ya lenta

Mashine ya dakti pamoja na mifereji yake inahitaji sentimita 35 hadi 40 juu ya dari. Ukitaka dari ya korido ibaki mita 2.6, ukuta uwe mita 3 au zaidi. Mwambie fundi ujenzi idadi ya kozi mapema. Weka mlango wa ukaguzi wa angalau sentimita 60 kwa 60 chini ya mashine. Bila huo, kusafisha koili kutahitaji kuvunja jipsamu.

Hewa ya kurudi ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Mashine haiwezi kusukuma hewa chumbani kama haina njia ya kuivuta irudi. Mlango wa chumba ukifungwa, hewa inakwama, chumba kinavimba shinikizo, na korido inanyonya hewa ya nje yenye unyevu kupitia kila ufa. Kila chumba kiwe na grili yake ya kurudishia hewa, au tundu lenye grili juu ya mlango. Jikoni kusiwe na grili ya kurudi: harufu ya vitunguu na mafuta itasambaa nyumba nzima.

Dakti na mabomba yafungwe sufi au mpira wa kuzuia joto wenye ngozi ya nje isiyopitisha mvuke. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa kaskazi huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au 25, na hewa ndani ya dakti ina nyuzi 13 hivi. Palipo na upenyo, hata mdogo, patatoa jasho, na doa la kahawia litatokea kwenye jipsamu. Dakti za kukunjika zitumike vipande vifupi tu mwishoni, zikiwa zimenyooshwa. Muulize mhandisi pia mgandamizo wa feni kwa Paskali: mashine nyembamba zenye Paskali 30 hazitafikisha hewa chumba cha mwisho.

Maji sasa. Mfumo wa tani 4 unaweza kutoa lita 5 kwa saa siku ya unyevu mkubwa. Bomba lake lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lifungwe mpira nalo, na chini ya mashine kuwe na sinia ya pili yenye swichi ya kuelea inayozima mashine maji yakijaa. Usiliunganishe na bomba la choo bila mtego wa maji, ukakaribisha harufu na mende. Lipeleke bustanini.

Hatua ya 7: Umeme na chumvi

Mifumo mikubwa mingi hutaka umeme wa njia tatu. Omba mapema, maana kubadili kutoka njia moja baada ya kuhamia ni gharama ya ziada na kusubiri. Mashine iwe na sakiti breka yake, waya wake, na ethi iliyopimwa. Weka kilinzi cha umeme kinachokata volti ikishuka au ikipanda na kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu hivi baada ya umeme kurudi. Kompresa nyingi hufa katika dakika hizo.

Kwa mwenye ndugu Ghuba anayetaka kutumiwa mashine: umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Oman na Falme za Kiarabu zinatumia hezi 50 pia, lakini Saudi Arabia ni hezi 60, na Marekani vilevile. Mashine za Ghuba nyingi ni za daraja T3, zilizojengwa kwa joto la nje la hadi nyuzi 52. Pwani yetu haifiki huko, na mashine ya daraja T1 (siyo lile la bei ya TANESCO) inatosha, ila usiifungie mashine ya nje kwenye kona isiyo na upepo ikavuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe.

Chumvi ya bahari inakula mapezi ya aluminiamu. Ukiwa karibu na ufukwe, chagua koili iliyopakwa kinga, bolti zisizoshika kutu, na uiweke mashine upande wa nyuma wa nyumba, siyo unaopigwa na upepo wa bahari. Grili ya kuilinda na wezi iwe na nafasi pana, isizuie hewa.

Hatua ya 8: Gesi na lebo

Gesi ya kupozea ya R-22 usinunue, hata ukipewa mashine kwa bei ya kutupa. Inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A haigusi ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dioksidi. R-32 ni 675. Marekebisho ya mkataba huo yanayopunguza gesi za namna hii yalipitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, na Marekani imeacha R-410A kwenye mashine mpya za nyumbani tangu 2025. Mfumo utakaodumu miaka kumi na tano ni bora uwe wa R-32. Inashika moto kwa kiasi kidogo, kwa hiyo fundi awe amefunzwa kuishughulikia.

Ufanisi wa mashine ni BTU ukigawanya kwa wati. BTU 60,000 kwa wati 5,000 ni 12. Kwa wati 6,600 ni 9 na ushee. Hiyo ya pili itakula umeme zaidi kwa karibu theluthi moja kila siku utakayoiwasha. Kenya kuna lebo ya nyota chini ya EPRA, mamlaka ya nishati, na nyota nyingi ni bora.

Hatua ya 9: Fundi, majaribio na makabidhiano

Mashine nzuri iliyofungwa ovyo ni mbaya kuliko ya kawaida iliyofungwa vizuri. Andika haya kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yasubiri yatimie.

Mabomba ya kopa yachomelewe huku naitrojeni ikipita ndani, yasiache masizi. Yakishaungwa yajazwe naitrojeni kwa mgandamizo anaotaka mtengenezaji, kwa R-32 na R-410A takriban baa 40, na jeji isishuke kwa saa 24. Fanya hivyo kabla ukuta haujapigwa lipu. Kisha pampu ya vakyumu ivute mpaka chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki bombani) na ikae. Fundi anayetoa hewa kwa kuachia gesi kidogo ipige "shii" hajatoa unyevu uliomo bombani, na unyevu huo utaila kompresa polepole.

Siku ya makabidhiano pimeni pamoja na kuandika: joto la hewa kwenye kila grili, mwendo wa hewa kila chumba ukilinganisha na karatasi ya mhandisi, ampea za kompresa, na unyevu wa ndani baada ya saa kadhaa. Kipima unyevu kidogo cha mezani ni rahisi, nunua chako. Kikisoma kati ya asilimia 50 na 60 chumba kikiwa na nyuzi 25, mfumo umepangwa sawa. Kikikaa juu ya 65 huku chumba kikipoa haraka, mrudishe mhandisi akague ukubwa wa mashine, mwendo wa feni na uvujaji wa dakti kabla hujalipa.

Chukua ramani ya mwisho inayoonyesha mabomba na dakti zilikopita, namba za mashine, na masharti ya dhamana kwa maandishi. Chujio lioshwe kila wiki mbili au tatu. Aliye karibu na bahari aimwagie mashine ya nje maji baridi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Koili ya ndani na bomba la maji visafishwe mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe Novemba, kabla kaskazi haijaingia na mafundi wote hawajashikwa na kazi.